Jumba Linalojifanya Halikuungua

Picha ile ilitundikwa katika studio ya kupigia picha pale mjini kwetu, juu ya kioo ambacho wateja walijitazamia na kuchana nywele kabla ya kukaa kwenye stuli. Kijana amemkumbatia msichana na kumbusu katikati ya njia. Wapita njia wana haraka zao, hakuna anayewajali. Nyuma yao, kwa ukungu, limesimama jumba kubwa la mawe lenye madirisha marefu. Chini pameandikwa *Le baiser de l'hôtel de ville*. Kifaransa sikukijua, ila neno moja nililitambua, na kwa miaka mingi niliamini kwamba wapenzi wale ndiyo kwanza wanatoka hotelini. Kwetu hoteli ni mahali pa chai na chapati. Niliona mambo yamekaa sawa tu: wameshiba, wamefurahi.

Baadaye nikaelewa kwamba hôtel hiyo haiuzi chai. Katika Kifaransa cha zamani neno hilo lilikuwa jina la jumba la mtu mkubwa au la shughuli za umma, na hôtel de ville ni jumba la mji, makao ya manispaa. Hilo la kwenye picha ni la Paris. Nikaelewa pia kwamba busu lenyewe lilipangwa. Robert Doisneau alipiga picha ile mwaka 1950 kwa ajili ya jarida la Life la Marekani, na kwa miongo kadhaa watu waliamini kwamba alikuwa anapita tu akakuta mapenzi yanatokea mbele yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya watu kujitokeza wakidai kuwa ndio wao waliomo pichani na shauri kufika mahakamani, ikabidi aseme: wale walikuwa vijana wanaosomea uigizaji, na aliwaomba wabusiane mbele ya kamera.

Wengi walijiona wamedanganywa. Mimi habari hiyo haikuniudhi, pengine kwa sababu picha yenyewe niliijua studio, mahali ambapo kila mtu anafahamu kuwa bahari iliyo nyuma yako ni pazia lililopakwa rangi. Kilichonishtua kilikuja baadaye, nacho hakikuwahusu wapenzi. Kililihusu jumba. Jumba lile nalo linaigiza. Uso wake unakuambia kuwa ni wa karne ya 16, lakini jumba la karne ya 16 liliteketea kwa moto tarehe 24 Mei 1871, na hili tunaloliona lilifunguliwa mwaka 1882.

Nataka kulihakiki jumba hili kama mtu anavyohakiki kitabu. Swali langu ni moja: kitu kilichoungua kikijengwa upya kwa sura ileile, ni nini hasa kimerudi?

*

Ukitoka chini kwenye kituo cha treni chenye jina la jumba hilo, unaibukia ukingoni mwa uwanja mpana. Nilifika pale asubuhi yenye baridi, katika safari ya siku chache ya kikazi, na jambo la kwanza nililolifanya ni kutafuta mahali aliposimama mpiga picha. Jambo la pili ni kucheka, kwa sababu kila baada ya dakika chache wapenzi wengine walikuja kubusiana mbele ya simu zao, wakirudia picha iliyokuwa marudio tangu mwanzo.

Jumba lenyewe ni zuri. Niseme hivyo mapema, kwa sababu nitalilaumu. Sehemu ya katikati inafuata mchoro wa zamani: madirisha yamepangwa kwa mizani, kati yake kuna nguzo nyembamba zilizobandikwa ukutani, juu kuna saa, na juu ya saa mnara mdogo. Pembeni zinapanda sehemu ndefu zaidi zenye mapaa yaliyochongoka, rangi yake kijivu cha buluu kama mawingu ya masika. Na kila mahali kuna vidaka. Sina neno lingine kwa vile vishimo vya ukutani, maana ni vidaka vilevile ambavyo mafundi wa Lamu na Unguja walivichimba ukutani kuwekea vyombo vya kauri. Hapa kila kidaka kina mtu. Sanamu ni zaidi ya 100 kuzunguka pande zote nne: waandishi, wachoraji, wanasayansi, wakuu wa zamani wa mji, na wanawake wa kuhesabika kwa vidole. Mmoja wao, mwanahisabati d'Alembert, alichongwa na Auguste Rodin kabla hajawa Rodin ambaye dunia inamjua.

Kutoka mbali sanamu hizo humpa mtazamaji hisia ya kusomewa orodha ya waliohudhuria. Mji unasema: hawa ndio sisi. Niliendelea kuzitazama hadi shingo ikaniuma, na swali likanijia lenyewe: na wengine je?

*

Uwanja huu haukuwa uwanja mwanzoni. Ulikuwa ufuko wa mto Seine, mteremko wa mchanga na changarawe ambako mashua zilishusha nafaka, kuni, mvinyo na majani ya farasi. Changarawe hiyo kwa Kifaransa ni grève, na pakaitwa Place de Grève. Vibarua waliokosa kazi walijikusanya hapo wakisubiri mtu mwenye mzigo au ujenzi aje awachague. Mswahili hahitaji maelezo zaidi. Hicho ni kijiwe. Lugha mbili ambazo hazikuwa zikijuana zimepaita mahali pa kungojea riziki kwa jina la mawe madogo. Wafaransa wakawa na msemo wa mtu kuwa "grève", yaani yuko kijiweni anasubiri kazi, na kadiri karne ya 19 ilivyosonga msemo ule ukageuka maana: kutoka kungojea kazi ukawa kuikataa kazi. Leo grève ni mgomo. Kila mfanyakazi wa Ufaransa anayegoma analitaja jina la uwanja huu, ajue asijue. Ramani zenyewe hazilitaji tena. Mwaka 1803 uwanja ulipewa jina la heshima, uwanja wa jumba la mji.

Mwaka 1357, Étienne Marcel, mkuu wa wafanyabiashara wa Paris, alinunua nyumba iliyoutazama ufuko huo. Iliitwa Nyumba ya Nguzo. Aliinunua kwa niaba ya mji, ili mji uwe na mahali pake pa kukutana pasipo kuomba ruhusa kwa mfalme. Wafanyabiashara wa mtoni ndio walioupa mji alama yake, jahazi juu ya mawimbi, na kaulimbiu ya Kilatini isemayo kwamba linayumba lakini halizami. Marcel mwenyewe alizama. Aliongoza uasi dhidi ya mamlaka ya kifalme na mwezi Julai 1358 akauawa. Lakini nyumba ilibaki mali ya mji.

Mwaka 1533 Mfalme François wa Kwanza aliamua kwamba mji mkubwa kama huu hauwezi kukaa katika nyumba ya kizamani. Kazi ikapewa Mwitaliano, Domenico da Cortona, aliyefahamika zaidi kwa jina la utani la Boccador. Ujenzi ulianza, ukasimama kwa vita vya dini, ukaanza tena, ukamalizika mwaka 1628. Miaka 95. Yeyote aliyewahi kujenga nyumba kwa awamu, huku nondo za ghorofa ya pili zikipata kutu, atakubali kuwa hilo si jambo la ajabu. Kisha, kati ya mwaka 1837 na 1846, wasanifu Godde na Lesueur walilipanua jumba kwa kiasi kikubwa, wakifuata mtindo wa Boccador pande zote.

Jambo hili linapaswa kukumbukwa, maana linawatetea wajenzi waliofuata. Jumba lililoungua mwaka 1871 halikuwa la karne ya 16 peke yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa uigaji wa kabla ya miaka 40. Moto uliunguza asili pamoja na nakala.

*

Moto wenyewe una historia ambayo uso wa jumba hauisimulii. Ufaransa ilikuwa imeshindwa vita na Prussia. Paris, iliyozingirwa kwa miezi ya baridi hadi watu wakala panya, ilikataa masharti ya amani, na mwezi Machi 1871 serikali ikaukimbia mji na kwenda Versailles. Waliobaki walifanya uchaguzi, na tarehe 28 Machi, mbele ya jumba hili, serikali ya wananchi wa Paris ikatangazwa. Ndiyo Komuni. Vibarua, mafundi, waandishi na walimu waliingia katika ofisi za Jumba la Jiji na kulitawala jiji kwa majuma machache. Mwezi Mei jeshi la Versailles likarudi. Katika juma la kuanzia tarehe 21, maelfu waliuawa mitaani, wengine wakisimamishwa ukutani baada ya kujisalimisha. Wakomuni waliokuwa wakirudi nyuma ndio waliolichoma jumba, tarehe 24.

Ndani yake ziliteketea dari zilizochorwa na Delacroix na Ingres, na maktaba ya mji. Hizo ndizo hasara zinazotajwa kwanza katika vitabu vya sanaa. Hasara niliyoisoma mara tatu ni nyingine.

Paris ilikuwa ikitunza kumbukumbu za watu wake kwa busara ya kawaida: nakala mbili, katika sehemu mbili. Ubatizo, ndoa na maziko tangu karne ya 16. Kisha, tangu Mapinduzi, vizazi, ndoa na vifo vilivyoandikishwa na serikali. Nakala moja ilikaa katika jengo la nyaraka jirani na Jumba la Jiji. Ya pili ilikaa kwenye jengo la mahakama, kisiwani katikati ya mto. Zote mbili ziliungua siku moja. Hati takriban milioni 8, hadi za mwaka 1859. Mtu wa Paris aliyezaliwa kabla ya mwaka 1860 aliamka asubuhi ya tarehe 25 Mei akiwa hai, ana jina, ana wazazi, na hana karatasi yoyote ya serikali inayosema hivyo.

Tangu hapo kazi za ujenzi zikawa mbili.

Ya kwanza ni ya mawe. Yalifanyika mashindano ya michoro, wakashinda Théodore Ballu na Édouard Deperthes. Nje walirudisha sura ya Boccador katikati na kupanua pembeni. Ndani hawakurudisha kitu, walijenga ya kwao: ngazi pana, thurea za kioo, dari zenye dhahabu, ukumbi wa karamu unaotamani kuwa Versailles. Pierre Puvis de Chavannes akachora humo Kiangazi na Baridi, picha mbili kubwa za watu wakimya kando ya maji na katika theluji, na kwangu mimi ni kazi pekee humo ndani ambayo haipigi kelele. Jumba likafunguliwa tarehe 13 Julai 1882. Miaka 11 baada ya moto, mtu angeweza kupita mbele yake asijue kuwa kulikuwa na moto.

Ya pili ni ya karatasi. Sheria ya mwaka 1872 iliunda tume ya kurudisha hati zilizopotea. Wananchi walitakiwa walete walicho nacho: nakala za zamani za vyeti, karatasi za ndoa, hati za mirathi. Vitabu vya makanisa vikachambuliwa. Makarani waliandika upya, hati moja baada ya nyingine, kwa miaka 25. Walipoacha mwaka 1897, walikuwa wamerudisha karibu theluthi moja.

Theluthi moja. Uso wa jumba ulirudi wote.

Ni rahisi kukisia theluthi hiyo ni ya akina nani. Mwenye nyumba ya kurithi alikuwa na sababu ya kutunza karatasi, na alikuwa na sanduku la kuzitunzia. Kibarua wa kijiweni aliyezaliwa, akabeba mizigo, akafa bila kuacha kitu cha kugombaniwa, nani angelileta jina lake mezani kwa karani? Nilipoinua tena macho kuwatazama watu wa mawe katika vidaka vyao, kila mmoja na jina lake, nilielewa kwa nini orodha ile ilinisumbua. Mji uliokuwa umepoteza majina ya mamilioni ulikuwa unachonga majina ya mia moja na kitu, ya wale ambao hata bila sanamu wasingesahauliwa.

*

Kuna kitu kingine ambacho hakikurudi, nacho ni cha kushangaza zaidi. Jumba la meya lilifunguliwa bila meya.

Baada ya Komuni, watawala waliiogopa Paris. Miji mingine ya Ufaransa iliruhusiwa kuwa na mameya. Paris ilipewa baraza la kuchaguliwa, lakini mamlaka yalikuwa kwa prefe wa Seine, ofisa aliyeteuliwa na serikali kuu, ambaye wasomaji wa kwetu wanaweza kumwelewa upesi kwa kumfikiria mkuu wa mkoa. Ofisi yake ilikuwa humo humo, katika Jumba la Jiji. Hali hii ilidumu hadi mwaka 1977, Jacques Chirac alipochaguliwa kuwa meya. Kwa miaka 95 tangu kufunguliwa, muda uleule uliotumika kulijenga jumba la Boccador, nyumba ya mji kujitawala ilikuwa nyumba ya mji kutawaliwa.

Na katikati ya muda huo, mwaka 1888, kwenye bustani ya upande wa mto, waliweka sanamu ya Étienne Marcel juu ya farasi. Yule yule aliyenunua Nyumba ya Nguzo ili mji uwe na pa kukaa pasipo mfalme. Sijui kama kuna kejeli kubwa zaidi katika shaba. Mwasi wa miaka 500 iliyopita anaruhusiwa kupanda farasi mbele ya jumba. Waasi wa miaka 17 iliyopita, waliokaa katika ofisi zake, wamezikwa kwa pamoja na hawana hata kidaka.

*

Lakini siwezi kulisoma jumba hili kama mambo ya Wafaransa peke yao, kwa sababu kuna karatasi moja iliyofika upande wetu wa bahari.

Mwezi Februari 1848 mfalme aliondolewa, na serikali ya muda ikatangazwa katika Jumba la Jiji. Tarehe 27 Aprili serikali hiyo ilitoa amri ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, amri ambayo Victor Schœlcher aliipigania. Mojawapo ya makoloni hayo ni kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi, na miongoni mwa waliokuwa watumwa huko wamo watu na watoto wa watu waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupelekewa watumwa 1,000 kila mwaka. Mawe ya majumba ya Kilwa tunayatembelea na kuyapiga picha. Hao 1,000 wa kila mwaka hawakuachiwa kidaka chochote.

Amri ilitangazwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, na zaidi ya watu 60,000 wakawa huru. Sheria ya mwaka uliofuata ikawalipa fidia waliokuwa mabwana zao. Waliokuwa watumwa walipata kitu kingine: jina la ukoo. Makarani walifungua vitabu maalumu wakawaandika, na wengi walipewa ukoo palepale, kama apendavyo mwenye kalamu. Mtu ambaye babu yake aliitwa kwa jina la kwao alitoka mlangoni na jina la kubuni, lakini lililoandikwa. Miaka 23 baadaye, katika mji ulioitoa amri ile, watu huru waliokuwa na majina yao ya halali wakaungua kwenye vitabu. Sisemi kwamba jambo moja lililipa jingine. Nasema tu kwamba jumba la mji ni karatasi kabla ya kuwa mawe, na anayelihakiki kwa kutazama mawe tu amesoma jalada akaacha kitabu.

*

Mtetezi wa jumba atanijibu kwamba nakala iliyotumika sana hugeuka kuwa asili. Jibu hilo lina uzito. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1944, magari ya kwanza ya jeshi la ukombozi yalipoingia Paris yalikuja moja kwa moja hapa, na wengi wa askari waliokuwamo walikuwa Wahispania waliofukuzwa kwao na Franco. Bustani yenye sanamu ya Marcel sasa ina jina la kikosi chao, La Nueve. Kesho yake akaja Jenerali de Gaulle. Hayo hayakutokea katika jumba la Boccador. Yalitokea katika hili, na ni yake halali. Hata busu la mwaka 1950 ni lake. Nakala imeishi miaka zaidi ya 140, na imeona mambo ya kutosha kuitwa kwa jina lake.

Lakini siku hiyo ya de Gaulle ndiyo inayonipa hoja yangu. Aliombwa aitangaze Jamhuri kutoka jumbani humo, kama ilivyotangazwa mwaka 1848 na tena mwaka 1870. Alikataa. Alishikilia kwamba Jamhuri haikuwa imekoma wakati wowote, hivyo hakuna cha kutangaza. Kisiasa ulikuwa uamuzi wa akili nyingi. Kwa neno moja, miaka minne ya serikali iliyoshirikiana na Wanazi, iliyowakamata Wayahudi kwa polisi wake yenyewe, iliwekwa nje ya historia ya Ufaransa, ikawa kama mgeni aliyepotea njia. Rais wa Ufaransa alikuja kukiri hadharani wajibu wa nchi yake katika jambo hilo mwaka 1995, naye ni Chirac, yule yule aliyekuwa meya. De Gaulle alisimama mbele ya uso uliokuwa ukisema jambo hilohilo kwa mawe tangu mwaka 1882: hapa hapakutokea kitu.

Hilo ndilo kosa ninaloliona. Kuiga si kosa. Boccador mwenyewe aliiga, na Godde na Lesueur walimwiga yeye. Kosa ni kuiga ili pengo lisionekane. Fundi cherehani wa mtaani kwetu hutia kiraka kwa uzi wa rangi nyingine pale asipopata wa rangi ileile, na kanzu huendelea kuvaliwa. Kila anayeiona anajua kwamba ilichanika na kwamba kuna mtu aliijali akaishona. Ballu na Deperthes walipata uzi wa rangi ileile. Dakika chache kwa miguu kutoka hapo, ng'ambo ya mkono wa mto, Notre-Dame iliungua mwaka 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, nayo imerudishwa kama ilivyokuwa, pamoja na mnara wake mwembamba ambao ulikuwa nyongeza ya karne ya 19. Niliutazama mnara huo kutoka uwanjani, mzuri, mpya, ukijifanya mzee, nikawaza kwamba mji huu una kipaji cha kuzaliwa cha kusahau kwa ufundi.

*

Makarani wa ile tume ya karatasi hawakuwa na kipaji hicho, na ndio ninaowaheshimu. Hati waliyoirudisha haikujifanya hati ya zamani. Ilijulikana kuwa ni ya kurudishwa, imeandikwa upya kwa ushahidi wa kitu fulani kilicholetwa na mtu fulani. Ni nakala inayokiri kuwa ni nakala.

Ninayo moja ya namna hiyo nyumbani. Kitabu cha wodi niliyozaliwa kilipotea, au kililowa, au kilihamishwa na hakikufika. Majibu yalitofautiana kulingana na aliyekuwa dirishani siku hiyo. Nilipofika umri wa kuhitaji cheti cha kuzaliwa nilikuwa na miaka 17. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alivaa baibui lake la safari tukapanda basi kwenda kula kiapo. Aliulizwa tarehe. Akasema hajui tarehe, anajua kwamba ilikuwa siku ya pili baada ya Idi Kubwa, alfajiri, na yeye ndiye aliyepika uji. Karani akatafuta kalenda, akahesabu kurudi nyuma, akaandika.

"Una hakika, mama?" akamuuliza.

"Mwanangu, uji niliupika mimi," shangazi akajibu.

Cheti changu kina tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Kati yake kuna miaka 17. Nilipokuwa kijana pengo hilo lilinitia aibu, kwa sababu kila ofisa aliyekishika alisita hapo, akanitazama, akakisoma tena. Ndiyo maana nilijua studio ile vizuri. Kila fomu iliyorudishwa ilitaka picha mpya, na kila mara nilikaa kwenye stuli, nyuma yangu pazia la bahari, mbele yangu wapenzi wa Paris na jumba lao lenye ukungu.

Kabla ya kuondoka uwanjani nilimwomba kijana mmoja anipige picha kwa simu yangu. Akaniuliza kama nataka jumba lote lionekane. Nikamwambia ndiyo, lote. Nimeichapisha, nimeiweka katika bahasha moja na cheti. Ukivitoa pamoja utaona kimoja kinapendeza kuliko kingine. Lakini mtu akitaka kujua kilichotokea, nitampa kile chenye pengo.